Mahaba ya Vichimbakazi na Bei Yake

Kusini mwa Uskoti, jirani na mji wa Selkirk, mto Ettrick na mto Yarrow hukutana kwenye pori liitwalo Carterhaugh. Upo wimbo wa kale wa huko unaoanza kwa kuwakanya wasichana: msipite Carterhaugh, Tam Lin yupo, na hakuna apitaye pale asiache rehani, iwe pete yake, iwe joho lake la kijani, au ubikira wake. Janet anasikia makanyo hayo, anapandisha gauni lake juu kidogo ya magoti, anafunga nywele, huyo anakwenda. Anachuma waridi. Tam Lin anamtokea na kumuuliza amepata wapi idhini ya kufika pale na kuvunja matawi. Janet anamjibu kwamba Carterhaugh ni yake, kapewa na baba yake, na kwenda na kurudi kwake hapo haombi ruhusa kwa mtu.

Hadithi ya Tam Lin ilikwisha kutajwa katika kitabu cha Kiskoti cha karne ya 16, na nakala ya wimbo inayojulikana zaidi ni ile aliyoitoa mshairi Robert Burns, ikachapishwa mwaka 1796. Mtu akiniuliza riwaya za mahaba ya vichimbakazi, viumbe ambao Waingereza huwaita fairies, hizi zilizovalishwa nguo za zama za kale na kujaa kwenye simu za wasomaji leo, zimetoka wapi, humwambia aanzie hapo. Mashairi machache tu ya mwanzo yana kila kitu: mwanamume wa ajabu, mpaka usiovukwa bure, bei iliyotangazwa mapema, na mwanamke anayejua bei na bado anakwenda kudai shamba lake.

Ninazipenda riwaya hizi, tena kwa moyo wote, ndiyo maana huumia zinapoandikwa kivivu. Na uvivu wake karibu kila mara ni wa namna moja. Mwandishi huleta msitu, muziki, macho ya kijani na dansi ya usiku kucha, kisha huogopa bei. Masharti yanatajwa mwanzoni ili msomaji asisimke. Kufika mwisho yamefutwa kwa busu. Hapo kwangu riwaya imekufa, hata kama wahusika wataishi raha mustarehe.

Nitangulize jina. Kamusi hutupa neno kichimbakazi, nami nitalitumia, lakini msomaji aondoe akilini kile kitu kidogo chenye mabawa ya kipepeo. Hicho kilienezwa zaidi na michoro na vitabu vya watoto vya enzi ya Malkia Victoria. Kichimbakazi wa Uskoti na Ayalandi ana kimo cha mtu, hupanda farasi, ana baraza lake na malkia wake, huishi chini ya vilima, naye huiba: watoto wachanga, wanawake waliotoka kujifungua, wapiga muziki hodari. Mchungaji Robert Kirk wa Aberfoyle aliandika habari zao miaka ya 1691 na 1692 kwa uzito wa mtu anayeeleza mila za kabila jirani, na alipofariki mwaka huo wa 1692 watu wa pale walisema hakufa, amechukuliwa. Wenyeji hawakupenda hata kulitamka jina lao. Walisema "watu wema", au "majirani wema". Ni tahadhari ile ile ya kwetu, ambako nyoka usiku huitwa kamba.

Kwa hiyo msomaji aliyekulia Tanga au Mombasa hazisomi riwaya hizi kama mgeni. Anamjua jini mahaba, anajua wivu wake, anajua kwamba anayependwa na kiumbe wa namna hiyo hupewa vitu na hunyang'anywa vitu. Mpwa wangu alikuwa akinisomea kwenye simu ukurasa mmoja ambapo msichana, akiwa kwenye karamu ya vichimbakazi, anawekewa tunda mbele yake na analitazama tu. Kabla hajafungua ukurasa wa pili akaniambia, "Shangazi, akila hapo ndiyo basi, harudi." Riwaya ilikuwa haijaeleza sheria hiyo bado. Lakini bibi yake amemkataza tangu utotoni kuitika usiku akisikia jina lake, mpaka liitwe mara tatu, na aliyelelewa na katazo hilo anaielewa karamu ile mara moja.

Sasa nije kwenye historia, maana hapo ndipo penye nyama. Waandishi wengi wa riwaya hizi hupenda Uingereza ya kati ya 1811 na 1820, wakati Mfalme George wa Tatu alipougua akili na mwanawe kushika utawala kwa niaba yake. Wasomaji wanakijua kipindi hicho kwa magauni yaliyokatwa chini ya kifua, magari ya farasi, na dansi za ukumbi wa Almack's jijini London, ambako huingii ila umekubaliwa na mabibi wakubwa waliogawa kadi. Kumbi zile zilikuwa soko la ndoa, na wote waliohudhuria walilijua hilo.

Lakini mlango wa kutokea sokoni haukuongoza kwenye uhuru. Mwanasheria William Blackstone aliandika mwaka 1765 kwamba mume na mke ni mtu mmoja mbele ya sheria, na katika maisha mtu huyo alikuwa mume. Fedha za mke zilikuwa za mume. Ujira wake, wa mume. Hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake mwenyewe. Familia zenye uwezo zilijaribu kumwekea binti mali mikononi mwa wadhamini, lakini binti wa kawaida alikwenda kwa mume kama alivyo. Talaka iliyomruhusu mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, hadi mwaka 1857. Mke wa Kiingereza alikuja kupata haki ya mali yake kwa sheria za 1870 na 1882, na msichana aliyecheza Almack's mwaka 1815 wakati huo alikuwa ajuza, kama alikuwa hai.

Mweke kichimbakazi katikati ya mambo hayo, uone. Anakuja na mkataba. Anasema: nitakupa hiki, utanipa kile, muda ni huu, ukivunja litakupata hili. Maneno yake yana mitego, lakini ni maneno yaliyosemwa, na msichana anaweza kuyashika moja moja na kuyapima. Bwana mwenye cheo anayemwomba dansi hatakiwi kusema lolote; sheria imekwisha kumsemea. Na yule kiumbe, kwa kawaida ya riwaya hizi, hawezi kusema uongo. Kwa wasichana wengi wa zama zile, makubaliano na kichimbakazi yangekuwa ya kwanza na ya mwisho kuyafunga kwa jina lao wenyewe. Ndiyo maana yanatisha, na ndiyo maana yanavutia. Mahaba yanayochipuka hapo yana mzizi: mtu amesikilizwa kama mtu mwenye kauli.

Kuhusu ulimi usiosema uongo, wimbo mwingine wa kale wa Uskoti, ule wa Thomas wa Erceldoune, una jambo ambalo waandishi wa sasa hulipita. Malkia wa vichimbakazi anampa Thomas tunda la tufaha kama ujira na kumwambia litampa ulimi usioweza kudanganya. Thomas hafurahi hata kidogo. Analalamika: nitanunuaje na kuuza sokoni? Nitazungumzaje na wakuu? Nitaombaje hisani kwa mwanamke mzuri? Waimbaji wa kale waliona mbali. Soko, siasa na uchumba, vyote vitatu, walijua vinaendeshwa na uongo mdogo mdogo, na mkweli kabisa hana pa kukaa. Mwandishi anayemfanya kichimbakazi wake asiweze kudanganya kisha amwingize kwenye sebule za London ana hazina mkononi. Wengi huitumia kwa vichekesho vya mazungumzo tu, wakaenda zao.

Susanna Clarke hakwenda zake. Riwaya yake kubwa ya mwaka 2004 kuhusu wachawi wawili wa Kiingereza wakati wa vita vya Napoleon siyo ya mahaba, lakini waandishi wengi wa mahaba wamekunywa kwenye kisima chake. Humo binti anakufa siku chache kabla ya harusi yake. Mchawi, akitaka kujipendekeza kwa mchumba wa binti ambaye ni waziri serikalini, anamwita kichimbakazi amfufue, na bei ni nusu ya uhai wa binti. Wanaume wanadhani wamekata miaka ya uzeeni. Kumbe kichimbakazi anachukua nusu ya kila siku: kila usiku binti anapelekwa kwenye jumba lake kucheza dansi mpaka alfajiri, na mchana anakaa sebuleni kwa mumewe akiwa hoi. Akifungua kinywa aeleze yanayompata, maneno yanayotoka ni ya hadithi nyingine isiyohusika. Madaktari wanaona ni mgonjwa. Sijasoma maelezo makali kuliko hayo ya ndoa aliyofungiwa mtu bila kauli yake, na mwandishi hakulazimika kuhubiri hata sentensi moja.

Olivia Atwater, katika riwaya yake ya kwanza ya mfululizo wa vichimbakazi, iliyotoka mwaka 2020, alichukua njia nyepesi zaidi na akaitembea vizuri. Dora wake aliibiwa nusu ya roho utotoni na bwana wa vichimbakazi, akabaki bila hofu na bila aibu kama za wenzake. Analetwa London msimu wa uchumba pamoja na binamu yake, na katikati ya watu wanaotawaliwa na aibu, yeye hana. Anasema aonacho. Riwaya inatoka pia kwenye kumbi na kuingia kwenye nyumba za kazi walikofungiwa maskini na watoto wao, na hapo kichimbakazi mkatili anaacha kuwa wa ajabu, maana wanadamu wanaoziendesha nyumba zile wanafanana naye. Kilichoniridhisha ni kwamba hasara ya Dora inakaa mwilini mwake. Inaonekana anavyokaa mezani, anavyotazamwa, anavyochelewa kuelewa kwamba ametukanwa.

Heather Fawcett naye, kwenye riwaya yake ya mwaka 2023, alihama kabisa kutoka London. Emily Wilde ni msomi wa Cambridge, mwaka ni 1909, na amefika kijiji cha baridi kali kaskazini kukusanya habari za vichimbakazi. Mkusanyaji huyu anajua kila kitu kuhusu viumbe na hajui kukaa na watu. Anawakosea adabu wanakijiji bila kujua, na wanamnunia. Nilipenda kwamba silaha zake ni hadithi alizozisoma na alizozisikiliza, kwa sababu katika hadithi hizo masharti yote yamehifadhiwa. Lakini nina lawama. Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka 1948. Mwanamke wa 1909 angeweza kuhudhuria mihadhara na kufaulu mitihani, akaondoka bila shahada. Fawcett ameuondoa ukuta huo, ni haki yake kama mtunzi, lakini nilitamani auache usimame. Mtaalamu anayewajua vichimbakazi kuliko wanaume wote na ambaye chuo chake hakimtambui angekuwa na sababu nzito zaidi ya kushawishika na mfalme wa vichimbakazi anayemtambua.

Kuna chakula kingine ninachokitazama katika riwaya za London, mbali na tunda la vichimbakazi. Ni sukari. Shujaa anakataa kabisa kugusa asali ya karamu ya chini ya kilima kwa sababu anajua itamfunga, kisha kurasa tano mbele anakoroga chai yake yenye sukari ya Jamaika bila wazo lolote. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni yake uliendelea, na sheria ya kuukomesha ilipitishwa 1833. Na watu wa wakati huo walijua. Miaka ya 1791 na 1792 familia nyingi za Kiingereza, wanawake wakiwa mstari wa mbele kwa sababu ndio waliosimamia jiko, ziliacha kununua sukari ya visiwa vya Karibi, zikisema wazi kwamba ina damu. Yaani mwiko wa chakula ulikuwepo, ukiwa na watetezi na vijitabu vyake, miaka kama ishirini tu kabla ya kipindi kile waandishi wanachokipenda. Clarke alilikaribia jambo hili kwa kumweka Stephen Black, mnyweshaji aliyezaliwa na mama mtumwa melini, awe ndiye mtu ambaye kichimbakazi anataka kumfanya mfalme. Mwandishi wa mahaba atakayeiweka bakuli ya sukari na bakuli ya vichimbakazi kwenye meza moja, nitanunua kitabu chake siku kinapotoka.

Nimefika mahali pagumu. Wasomaji wengi wa riwaya hizi hawajapata kusikia jina la Bridget Cleary, nami naona wanastahili kulijua.

Alikuwa mke kijana wa Ballyvadlea, wilaya ya Tipperary nchini Ayalandi. Alikuwa fundi wa nguo na kofia, ana cherehani yake ya Singer, anafuga kuku na kuuza mayai, anavaa vizuri kuliko majirani, ana fedha zake. Mumewe, Michael, alikuwa fundi wa mapipa. Machi 1895 Bridget aliugua kifua. Daktari alifika, padri alifika. Lakini Michael alishika neno kwamba huyu kitandani si mke wake: vichimbakazi wamemchukua na kuacha kiumbe mwingine mfano wake. Wanaume wa ukoo walimshika kwa nguvu wakamnywesha dawa za majani. Waliulizana naye tena na tena, kwa jina la Mungu, kama yeye ni Bridget Cleary, naye akajibu kwamba ndiye. Usiku wa tarehe 15 Machi mumewe alimchoma moto ndani ya nyumba yao. Mwili ulipatikana wiki moja baadaye, umezikwa juu juu. Michael alihukumiwa miaka 20 kwa kuua bila kukusudia, akatoka mwaka 1910.

Kitu kimoja katika habari hiyo hakinitoki. Baada ya kuua, Michael alikwenda na kisu chenye mpini mweusi kwenye boma la kale la udongo lililo karibu na pale, akangoja usiku. Alisema mke wake halisi atatokea amepanda farasi mweupe, naye atakata kamba alizofungiwa na kumrudisha. Farasi mweupe. Katika wimbo wa Carterhaugh, Tam Lin ndiye amepanda farasi mweupe usiku, na Janet ndiye anayengoja njiani amvute chini. Picha ile ile iliyotupa mahaba haya yote ilikuwa kichwani mwa mtu aliyetoka kumchoma mkewe.

Sisemi kwamba waandishi waache kuandika kwa sababu ya Bridget. Nasema wamjue. Imani ya vichimbakazi ilibeba mambo ambayo watu hawakuwa na namna nyingine ya kuyasema: mtoto asiyekua, mama aliyebadilika baada ya kujifungua, mke mwenye fedha zake na ulimi wake. Mara nyingine ilifariji. Mara nyingine ilimpa mume sababu. Riwaya inayomchukua kiumbe yule na kumfanya kijana mtanashati wa miaka mia tano, mwenye hasira kidogo na kifua kipana, asiyegharimu kitu, imechukua vazi na kuacha mwili. Na hapo pia jambo la mapenzi lenyewe linaharibika, maana kiumbe wa miaka mia tano anayemtaka msichana wa miaka kumi na tisa ana uwezo wa kutisha juu yake. Masharti ndiyo yaliyompa msichana pa kushika. Ukiyaondoa, umemwacha mikono mitupu mbele ya mfalme.

Tazama Janet anavyoshika. Amerudi Carterhaugh mara ya pili akiwa na mimba, anachuma tena, safari hii ili aitoe, na Tam Lin anamuuliza kwa nini anataka kumuua mtoto wao. Yeye naye anamchunguza kama mposaji: uliwahi kubatizwa? Ndipo anaelezwa. Tam Lin ni binadamu, alianguka kwenye farasi, malkia akamchukua. Kila baada ya miaka saba vichimbakazi hutoa zaka kwa jahanamu, naye anaogopa safari hii atakuwa yeye. Njia ya kumtoa ni moja. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Watakatifu Wote, kwenye njia panda ya Miles Cross, waache farasi weusi wapite, waache wa hudhurungi wapite, amvute aliye kwenye farasi mweupe. Atageuka mikononi mwake nyoka, dubu, simba, chuma chekundu, kaa la moto. Asimwachie, asiogope, ni baba wa mtoto wake. Akiwa kaa la moto amtumbukize kisimani. Akitoka uchi, amfunike kwa joho lake la kijani.

Lile joho, ambalo mwanzoni lilitajwa kuwa rehani ya kuachwa msituni, Janet hakuliacha. Analo bado usiku ule, na ndilo analomfunikia.

Anafanya yote kama alivyoambiwa, na wimbo hauoneshi harusi. Anayesema mwisho ni malkia, kutoka kwenye kichaka. Anamlaani Janet afe kifo kibaya kwa kumchukulia kijana mzuri kuliko wote wa kundi lake. Kisha anamgeukia Tam Lin na kumwambia: ningalijua nitakayoyaona usiku huu, ningaliyang'oa macho yako mawili ya kijivu, nikakuwekea macho ya mti.